Fundi Aliyeachwa Shimo la Sita

Enzi zetu sisi tuliokulia milima ya Mbinga, nyota hatukuziangalia juu. Tulizikanyaga. Zilikuwa kwenye shamba la mama yangu, zimejipanga mstari kwa mstari kushuka bondeni, na kila nyota mtoto akichuchumaa ndani yake haonekani.

Nasema ngoro. Wamatengo wenzangu hamna haja ya kuelezwa, lakini najua wanaosoma hapa wapo watu wa ziwani na watu wa mbali zaidi. Mlima wetu ni mkali, mvua ikinyesha inataka kushuka na udongo wote. Basi wanaume wanafyeka majani, wanayalaza kwa kupishana kama nondo za dirisha, halafu wanawake wanachimba udongo wa katikati na kuyafunika yale majani. Linabaki tuta pande zote nne na shimo katikati. Maharage yanapandwa juu ya tuta, baadaye mahindi, maji yanakaa shimoni. Ukisimama mlima wa pili unaona upande mzima umetobolewa kama sega la nyuki.

Aliyeanzisha mambo ni Adelhelm, mtoto wa katekista. Baba yake alinunua mche wa sabuni misheni, umefungwa kwenye karatasi ya jarida la Kizungu, na kwenye karatasi kulikuwa na picha: mtu amevaa nguo nyeupe nene, kichwani kama amevaa chungu cha kioo, amesimama kwenye nchi yenye mashimo matupu. Adelhelm alikuja nayo shule mbio.

"Oneni! Mwezini kuna Wamatengo! Wanachimba ngoro!"

Osmundi akaikagua ile karatasi, akatikisa kichwa kama mzee wa kanisa. "Lakini wavivu. Maharage yako wapi?"

Hapo ndipo mchezo ulipozaliwa. Tulikuwa wanne. Adelhelm alikuwa nahodha, na ndiye aliyesema kila shimo lina nini ndani yake: hili lina watu wa barafu, lile lina moshi unaokula majina ya watu. Osmundi alikuwa mpishi, maana hata kwenye mchezo alitaka kukaa karibu na chakula. Eusebia, mtoto wa jirani yetu, alikuwa mganga. Mimi nilikuwa fundi. Chombo chetu kilikuwa chanja kuukuu ya mama ya kuanikia kahawa, waya umetoboka, na kila mmoja alibeba kona yake tukipita juu ya matuta baada ya mahindi kuvunwa. Tulitembea kwa vidole. Ole wenu mbomoe tuta.

Kila mtu alikuwa na pumzi kumi, yaani maharage kumi mfukoni. Kushuka shimoni ni pumzi moja. Ukitaka kujua kama umeshinda au umeshindwa, unarusha mbegu tatu za kahawa. Kahawa ina upande wa bapa na upande wa mgongo. Bapa zote tatu zikiwa juu, umepona; zikichanganyika, unarusha tena. Migongo yote ikiwa juu, umekwama hapo, na sheria ilikuwa moja tu: aliyekwama haachwi. Wenzake lazima wamfuate kesho yake, wampe pumzi zao. Mama akitukuta na zile mbegu alipiga kelele toka jikoni: "Kresensia! Kahawa ya chama cha ushirika hiyo, si ya kuchezea!"

Nakumbuka baridi ya mwezi wa saba, ukungu umekaa bondeni mpaka saa nne, tumevaa masweta yananuka moshi. Nakumbuka viazi vya kuchoma jivuni, tunavipokezana mikononi kwa moto wake, na Osmundi akihesabu kila mtu amekula vingapi isipokuwa yeye. Shuleni tulibeba kuni na kinyesi cha ng'ombe cha kusiribia darasa, tulichapwa kwa kuchelewa, tulichapwa kwa kuwahi tukapiga kelele. Vijana wa leo mnacheza mmelala chali, kinachotembea ni dole gumba peke yake. Mkitoka hapo mnasema mmechoka. Sisi tulikwenda nyota kumi na mbili kwa miguu, na kurudi tuliteka maji.

Siku ya mwisho ilikuwa Jumapili baada ya misa. Nilishuka shimo la sita kutengeneza moyo wa chombo, nikarusha, migongo mitatu. Wote wakapiga makofi, maana ndiyo ilikuwa raha yenyewe. Adelhelm akasimama juu ya tuta, akaweka mkono kifuani.

"Fundi, baki salama. Kesho tunakufuata."

"Mkichelewa nitaoa mtu wa barafu," nikamjibu.

"Wewe ni msichana, utaolewa," Eusebia akasema, tukacheka mpaka mama akatuita.

Jumatatu alfajiri baba mdogo akaja na mfuko.

Sasa nataja majina, atakayekasirika na akasirike. Wa kwanza ni baba mdogo Gaudensi, aliyesema kwamba marehemu baba yangu angekubali, na kwamba naenda Liuli, kule ziwani, kwa shemeji yake kulea mtoto miezi mitatu tu, halafu nitarudi darasa la tano. Wa pili ni mama yangu Agatha, aliyekunja nguo zangu bila kusema neno hata moja. Wa tatu ni Mwalimu Betramu, aliyelifuta jina langu kwenye daftari la mahudhurio na hakuuliza nimekwenda wapi. Miezi mitatu ile haijaisha mpaka leo. Nimelea watoto wa watu Liuli, nimeolewa Liuli, nimezika mume Liuli. Darasa la tano limebaki huko huko.

Na swali lililonikaa kichwani miaka yote hiyo si la shule, mnisamehe. Ni hili: kesho yake walinifuata? Nilijiona mjinga kuuliza. Eusebia alifariki kwenye uzazi nikiwa bado sijamuuliza. Osmundi tulikutana mara moja Kitai, mimi nikiwa ndani ya basi yeye akiuza karanga dirishani, akanipa mfuko bure, basi likaondoka. Baadaye lori la makaa likamgonga barabara hiyo hiyo. Akabaki Adelhelm, na Adelhelm alikuwa mtu mkubwa Dodoma.

Mwaka jana ndipo binti yangu Tuzo aliponiachia simu yake ya zamani ya kupangusa na kuniingiza kwenye kundi la wasap la waliosoma shule yetu. Siku moja nikaona Adelhelm ameandika: binti yake na wenzake wametengeneza gemu la simu, linaitwa Nyota za Ngoro, tulipakue. Nikalipakua kwa siku mbili, mtandao wetu mnaujua. Nilipolifungua nikakaa chini. Matuta yale. Chanja ile, ila sasa inaruka yenyewe na inatoa moto. Unachagua uwe nahodha, mganga, mpishi au fundi, unaongea na watu wa barafu kwa Kiswahili safi, na badala ya maharage una hewa inayopungua pembeni.

Nilicheza wiki tatu. Pale kibanda cha kuchaji simu vijana walinicheka.

"Mama Tuzo, na wewe unacheza gemu?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo mama. Umefika wapi?"

"Nilifika kabla hujazaliwa," nikawaambia. Wakadhani natania.

Mwisho wake, chombo kinaharibika nyota ya sita. Fundi anashuka, anakitengeneza, lakini yeye anakwama. Nahodha anamwambia, kesho tunakufuata. Chombo kinapaa, fundi anabaki amesimama anazidi kuwa mdogo. Kisha maandishi: Sehemu ya Pili Inakuja.

Nisiwafiche, nililia mbele ya sufuria ya mihogo.

Tangu hapo kila wiki nasoma wanachoandika vijana kuhusu hiyo sehemu ya pili, watu nisiowajua wa Mwanza, wa Tanga. Mmoja: "Fundi kashakufa huyo, hewa ilikuwa imebaki mbili." Mwingine: "Wakimrudisha nafuta gemu, wataharibu stori." Mwingine anataka fundi arudi akiwa zimwi, ajilipize kisasi kwa nahodha. Huyo nilimpenda kidogo. Wapo wanaosema sehemu za pili siku zote ni uongo, zinatengenezwa ili watu waendelee kulipia, hazifiki ya kwanza. Na mimi nilikuwa na hofu zangu. Wataongeza mabunduki. Watamfanya fundi kisura mwenye suruali ya kubana, nywele zake haziguswi na vumbi. Au watamsahau kabisa, waanze safari mpya na fundi mwingine, kama vile fundi hununuliwa dukani. Kutumaini nako nilitumaini, kwa aibu, mtu mzima wa umri wangu. Nilisema moyoni: wakimfuata huyu wa kwenye simu, basi huenda hata wa kwanza walimfuata.

Mchana mmoja namenya mihogo, simu ikaita.

"Haloo, fundi."

Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kuniita hivyo.

"Nahodha," nikasema. "Umechelewa."

Akacheka, kisha akakohoa. "Kresensia dada yangu, binti amekwama. Hajui amfanyeje fundi. Wenzake wanataka afe ili watu walie. Yeye hataki. Nikamwambia ngoja nimuulize mwenyewe."

"Kwanza nijibu swali langu. Kesho yake mlikuja?"

Nikaweka kisu chini.

"Tulikuja," akasema. "Hukuonekana shule, Osmundi akasema umeshika sheria, umelala shimoni unatungoja. Baada ya masomo tukabeba chanja. Watatu hatukuiweza, kona yako ikawa inaburuza, ikabomoa matuta. Mama yako akatuona. Osmundi akaanza kulia kabla hajapigwa."

"Ndivyo alivyokuwa."

"Akatuuliza, mnakwenda wapi na chanja yangu? Eusebia akamwambia, tunamfuata Kresensia shimo la sita. Mama yako akasimama pale. Halafu akaweka jembe chini, akashika ile kona. Tukaenda naye tuta kwa tuta mpaka la sita."

"Halafu?"

"Halafu hakukuwa na mtu, Kresensia. Akabaki anaangalia mle ndani. Hapo ndipo tulipojua. Hatukucheza tena."

Mihogo ikaniangukia miguuni. Mama yangu nilimkasirikia zaidi ya miaka thelathini. Hata kwenye mazishi yake nilikaa mbali na kaburi kama mtu aliyepita njia. Sasa naambiwa alishika kona. Nimelifikiria hilo siku zote hizi, na nasema kweli, jina lake sijalitoa kwenye orodha yangu. Shimo la sita lilikuwa pale chini ya jiko lake. Mimi nilikuwa Liuli, na njia ya Liuli aliijua. Lakini nimemshusha. Alikuwa wa pili, amekuwa wa mwisho, nyuma ya Betramu.

"Sasa tumfanyeje fundi?" Adelhelm akauliza. "Afe?"

"Asife."

"Basi tumrudishe nyumbani. Vijana watafurahi."

"Arudi kwa nani? Osmundi hayupo. Eusebia hayupo. Mama ameshaondoka. Wewe uko Dodoma. Atateremka kwenye chombo amshike nani mkono?"

Nilimsikia anapumua.

"Fundi ameshajenga huko," nikamwambia. "Amezoea baridi ya huko. Msimrudishe popote. Mpelekeeni mtu. Hata mmoja tu, akae naye, waongee."

"Nitamwambia binti," akasema. "Na mimi nitakuja Liuli, Kresensia. Mwezi ujao."

"Karibu," nikasema, kama tunavyosema kwa kila mtu.

Enzi zetu lori la kushuka ziwani lilikwama matopeni siku mbili, na bado watu walitembeleana. Shangazi yake Eusebia alipanda toka Chiwanda, kule ziwani, kuja Mbinga na samaki mbasa wakavu kichwani, tope limemfika mpaka nyusi, kuuliza tu mmeamkaje. Anakaa wiki, anaondoka na maharage. Kwangu mimi hawakuja, nimeshasema, lakini kwa watu walikuwa wanakuja. Leo lami imeshuka mpaka Mbamba Bay, kona zote zile zimenyooshwa, na kipande kilichobaki cha kufika kwangu mtu halali njiani. Adelhelm kila asubuhi ananitumia kidole gumba. Mwezi aliousema umeshapita, na gemu nalo wanasema bado kidogo. Tuzo ananiambia simu imejaa, nifute vitu ili sehemu ya pili ipate pa kuingia, nami nimefuta picha nyingi. Itakapotoka nitaicheza. Safari hii sitachagua fundi. Kama kweli wamemsikiliza mtu mzima, kama kweli kuna anayetumwa kule nyota ya sita, nitachagua kuwa huyo.