Pole kwa Kimombo

Magoti ndiyo yaliyomfundisha Kimombo. Mama Redio, ndivyo wenzake walivyomwita, alikuwa amesafisha vyumba vya hoteli ile ya ghorofa nne mpaka kila ngazi ikawa inamjua kwa mguno wake. Lifti ilikuwepo, ila ya wageni. Basi meneja alipotangaza kwamba atachagua mtu wa mapokezi miongoni mwa wafanyakazi wake, mradi awe anazungumza Kimombo bila kubabaika, Mama Redio hakusikia habari ya cheo. Alisikia kuna kiti.

Maneno alikuwa nayo tangu shule. Kilichomshinda ni kuyaunganisha: yalimtoka moja moja, kama nguo zilizoanikwa kila moja na kibanio chake. Akaamua kuimba. Alichomeka spika ya simu sikio moja, lingine akaliacha la kumsikilizia msimamizi, akawa anapiga deki huku akifuatana na nyimbo za mapenzi za zamani, zile ambazo mwanamume amemkosea mkewe na sasa analia mlangoni. Mwimbaji akivuta neno, naye anavuta. Akimeza herufi, naye anameza.

"Mama, kila siku unaomba msamaha tu," bintiye akamtania nyumbani. "Umemkosea nani?"

"Waliokosa ndio wanaoimba polepole," akajibu. "Wenye furaha wanakimbia, siwashiki."

Akachoka, akaimba, akaimba, akachoka zaidi. Lakini ulimi ulilainika. Mgeni wa chumba cha kona alipouliza habari za maji ya moto, alijibiwa kwa sentensi nzima isiyokwama popote. Meneja aliyekuwa akipita koridoni akasimama kusikiliza, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Jumatatu uje ofisini, mama," akamwambia.

Jumatatu haijafika, mgeni yule yule akatoka kuoga, akateleza kwenye maji aliyoyamwaga mwenyewe, akaanguka pu. Mama Redio, ambaye hata ndoo alikuwa hajaiingiza chumbani, akasikia kishindo akakimbilia. Mtu ameanguka, utamwambia nini kama si pole? Na pole kwa Kimombo, tangu shule, ni sori. Akaweka mkono kifuani, akaitoa kama ilivyo kwenye wimbo, ndefu, yenye mtetemo, akairudia tena na tena kutoka moyoni.

Mgeni akashuka na kiwiko kilichovimba moja kwa moja hadi kwa meneja. Msafishaji amekiri mwenyewe, alisema, tena kwa uchungu.

"Ulimwambia sori?" meneja akamuuliza Mama Redio.

"Nilimpa pole, bosi. Hata chumba nilikuwa sijakianza."

"Mimi najua ulimpa pole. Yeye hajui. Ukiisema namna ile, kwao ni ya mwenye kosa."

"Sasa pole yenyewe wanaisemaje?"

Meneja akafikiri, akakosa. "Ungekuwa unababaisha kama zamani, angejua hujui unachosema," akasema. "Tatizo umesema vizuri mno. Nenda kamwombe radhi, yaishe."

Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila hawakutuambia kwamba ukishanolewa huponza zaidi. Mama Redio hakuwa na nguvu ya kubishana. Uchovu wa ngazi aliuzoea, ukilala nao asubuhi umepungua. Huu ulikuwa mwingine. Akaenda na meneja mpaka mkahawani, kwenye meza ambayo mgeni alikuwa akila na wenzake. Neno la kuomba radhi alilokuwa nalo lilikuwa lile lile moja, akalisema tena, safari hii kavu, bila kulivuta. Mgeni akalainika. Akamwambia amemsamehe, akaongeza kwamba Kimombo chake ni kizuri sana.

"Umeona?" meneja akamwambia walipotoka. "Yamekwisha."

"Na kile kiti, bosi?"

Meneja akatazama viatu vyake. "Nitakuwekaje mapokezi, mama? Watu wote pale mezani wamesikia umesamehewa."

Hapo ndipo ilipomuuma, kuliko goti lolote. Aliyesingiziwa huweza kujitetea. Aliyekwisha kusamehewa atajitetea kwa lipi?