Mama ametwanga mbegu akisubiri mwisho wa dunia

Ndugu mhariri wa ukurasa huu, kabla hujaendelea kusoma nakuomba uichane bahasha yenye jina langu. Kijiji chetu pia usikitaje. Wapo watu wawili wasiotakiwa kujua kwamba nimeandika haya. Mmoja atanifukuza kazi, mwingine atanilaani mbele ya kanisa zima, na wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na minne, Mkristo, sijaoa. Nilimaliza kidato cha nne nikasomea ukarani, na sasa nipo Bariadi mjini, kwenye mojawapo ya kampuni binafsi zilizokuja kununua pamba baada ya biashara kufunguliwa. Msimu huu nagawa mbegu za pamba kwa wakulima. Mwisho wa juma narudi kijijini, upande wa Ngulyati, na huko nina kazi nyingine: natafsiri mahubiri. Vijana wa kwetu tunajua Kiswahili, lakini wazee, ambao ndio wenye mashamba, wanaelewa Kisukuma tu. Mhubiri mgeni akija, mimi ndiye ninayesimama kando yake.

Mwaka huu amekuja mhubiri wa unabii. Simdharau, naomba mnielewe. Anapofundisha juu ya vita na matetemeko na upendo wa wengi kupoa, hata mimi nasisimka mwili, kwa sababu hayo yote nayasikia redioni. Katika mkutano wa kwanza nilitafsiri huku natetemeka na akina mama wakalia. Kisha akasema mavuno yajayo hatutayala hapa duniani, na anayefukia mbegu sasa anaonyesha kwamba hamngoji Bwana. Nikalisema na hilo. Lilitoka mdomoni kabla sijalifikiri.

Sasa mvua za kwanza zimenyesha. Jumamosi iliyopita nilikuwa napita kwenda nyumbani. Jirani yetu, mzee asiyeingia kanisani, alikuwa analima na ng'ombe wake. Akaniita kwa sauti: "Karani! Mwambie Yesu wako awahi! Akichelewa, msije kwangu kuomba michembe ya viazi vikavu!" Wanawe wakacheka. Upande wetu wa njia hakuna shamba lililoguswa.

Nilimkuta mama jikoni anatwanga mahindi. Baba alishafariki, na mama analea wadogo zangu kwa hayo mashamba. Nikayatazama mahindi nikayajua.

"Mayu, hiyo si mbegu?"

"Ilikuwa mbegu," akasema, akaendelea kutwanga. "Wageni wa maombi watakula nini?"

"Na mwakani tutakula nini?"

"Mwakani gani? Si wewe uliyesema?"

"Si mimi, mayu. Ni mhubiri."

"Mhubiri sikumwelewa hata neno moja, ng'wanawane. Nilikuelewa wewe."

Nilikaa chini. Nikamweleza niliyoyasoma usiku baada ya usiku: kwamba Bwana mwenyewe alisema siku ile hata malaika hawaijui. Kwamba alisema wawili watakuwa shambani, mmoja atwaliwe na mmoja aachwe. Nikamwambia, "Mayu, huyo anayetwaliwa anakutwa shambani. Hakutwi amekaa."

Akauweka mchi chini. Nikadhani amekubali. Kisha akasema, "Basi kaseme hivyo mkutanoni. Pale mbele, Roho anakuwa juu yako. Hapa jikoni wewe ni mwanangu tu, unaniogopea njaa."

Siku iliyofuata nilimwendea mhubiri, nikamuuliza kwa adabu kuhusu ile siku isiyojulikana. Akanishika bega, akatabasamu. "Kijana, umeitwa kutafsiri. Nani amekuita kufundisha?" Kisha akanikumbusha lile onyo la mwisho wa Ufunuo, kwamba anayeongeza neno katika unabii ataongezewa mapigo, na anayepunguza ataondolewa sehemu yake katika mti wa uzima. Alininong'oneza sikioni, polepole, kama mtu anayeniombea. Tangu hapo silali vizuri.

Na ofisini bosi ameanza kuuliza. "Watu wa kwenu mbona hawaji kuchukua mbegu? Wamehamia kwa wanunuzi wengine?" Nikasema, "Sijui, bosi." Wiki nzima nagawa mbegu, na Jumapili mdomo wangu unawakataza watu kuipanda.

Mwezi huu mhubiri anarudi kwa mkutano mkubwa. Kila familia itasimama na kuweka nadhiri mbele za Mungu kwamba haitapanda. Namjua mama. Akishaweka nadhiri hataivunja, hata wadogo zangu walie njaa mbele yake. Na maneno ya nadhiri hiyo wazee watayapokea kutoka kwangu.

Nimefikiri kujifanya mgonjwa, lakini yupo kijana mwingine anayejua lugha zote mbili na ana moto kuliko mimi. Nimefikiri kusimama na kuwaambia wazee wakalime wakimngoja Bwana. Ila vijana walioko mbele watasikia kwamba sikusema alichosema mhubiri, na kama kweli yeye ametumwa na Mungu, mimi nitakuwa nani? Nikiyatafsiri maneno yake kama atakavyoyasema, nitakuwa nimewanyang'anya chakula watoto wa mama yangu kwa ulimi wangu mwenyewe. Wachungaji na walimu wa Maandiko mnaosoma ukurasa huu, kugeuza maneno ya mhubiri ni sawa na kugeuza neno la Mungu? Nishaurini, nifanye nini?

Tafadhali msiniandikie barua. Sanduku la posta ni la kampuni na ufunguo anao bosi. Msimtume mtu kuniulizia ofisini wala kijijini. Jibuni hapa hapa ukurasani, na juu ya jibu muandike tu "Kwa mkalimani". Gazeti hutufikia kwa basi la Mwanza na huwa nalinunua mwenyewe, nitaliona. Ila msichelewe. Ardhi ina maji sasa.