Kipindi cha Mzee Aliyekuwa Hai

Nani kakwambia rafiki yangu alitaka yule mzee wa chama afe? Nani? Mlete hapa nimuulize mie. Maneno hayo nimeyasikia Keko, nimeyasikia Kinondoni, juzi nimeyasikia tena kwenye foleni ya sukari, mtu ananikazia macho ananiambia, "Yule rafiki yako ana uchuro." Uchuro! Kama kitu hukijui, si unyamaze?

Sasa nisikilize. Televisheni wanayo wenzetu wa visiwani. Sie huku bara tuna redio, na redio ndiyo inayotuambia nani kateuliwa, nani kafukuzwa, nani kafa. Na akifa mkubwa, baada ya tangazo hufuata kipindi kirefu: alizaliwa wapi, alichunga mbuzi za nani, mkoloni alimfunga kwa kosa gani, halafu sauti yake mwenyewe akihutubia na akina mama wakipiga vigelegele. Nyie mnakaa mnalia, mnadhani kipindi kile kimetengenezwa asubuhi ile. Kitatengenezwaje asubuhi ile? Mie ndiye mkata mikanda ya sauti pale redio, mie najua. Kinatengenezwa mtu bado anakunywa uji wake.

Pale kazini hakuna aliyekiita kipindi cha msiba. Tulikiita akiba. "Akiba ya mzee imefika wapi?" unaulizwa, unajibu, "Inakwenda." Basi. Na neno marehemu lilikuwa mwiko. Msomaji alisoma habari yote bila neno hilo, akiacha kimya kidogo kila mara kabla ya jina. Marehemu ilirekodiwa peke yake, haina jina la mtu, vipande vyake vikaning'inizwa kwenye msumari ukutani. Siku ikifika nachukua wembe, nakata pale penye kimya, nabandika. Kwa hiyo hakuna aliyemwita mtu hai marehemu, na hakuna uchuro uliotendeka. Mnacheka? Ndivyo tulivyokuwa tunafanya, tena na watu waliosoma ng'ambo.

Msomaji mwenyewe ndiye huyo rafiki mnayemsema, kaka yangu. Si wa tumbo moja. Kwetu sote kusini, na Keko tulipanga nyumba moja, mlango wake unatazamana na wangu. Mie sikusomea kazi hii popote. Nilikuwa nafagia korido pale redio, naokota vipande vya mikanda vilivyotupwa, naviunga-unga kujifurahisha. Wengine walinifukuza kama kuku. Yeye akasimama, akasikiliza nilichounga, akasema, "Mdogo wangu, mikono yako ina masikio." Akanipeleka kwa mafundi. Tangu siku hiyo, anayemgusa yule kanigusa mie, na mie sigusiki.

Tatizo lilikuwa lile neno. Tulipolijaribu kwenye mkanda halikukaa. Marehemu ilisimama kivyake, jina kivyake, kama watu wawili waliogombana. Mkuu wetu wa idara akasikiliza, akatikisa kichwa. "Neno likae na jina," akasema. "Nenda kafanye mazoezi mpaka likae." Nilikuwepo. Nilimsikia kwa masikio haya.

Kaka akafanya mazoezi Jumapili, chumbani kwake. Na nyumba zetu mnazijua: ukuta unaishia njiani, juu paa moja la wote, ukipiga chafya chumba cha mbele wa nyuma anakuombea afya. Akaanza kwa sauti yake ile ya taarifa ya habari. Marehemu, na jina la mzee. Tena. Marehemu, na jina la mzee. Tena, taratibu zaidi.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani anapepeta mchele. Nikasikia ungo umeanguka.

"Uuuwi! Mzee wetu jamani! Mzee wetu!"

Nikatoka mbio. "Mama, kuna nini?"

"Huna masikio? Redio imesema!"

"Redio ya nani, mama?"

"Redio! Sauti si ile ile ya kila siku?"

Kila mmoja akadhani redio ya jirani ndiyo inayosema. Kilio kikatoka uani kikapita ukumbini kikafika barabarani. Maseremala wa upande wa pili wakaacha misumeno. Mmoja akaleta kitanda alichokuwa bado anakipiga randa, wazee wapate pa kukaa. Wanawake wamekwisha kujifunga khanga. Ndipo kaka akatoka chumbani, msuli kiunoni, kikombe mkononi, anauliza kwa upole, "Jamani, kuna msiba?"

"Unatuuliza sie?" mama mwenye nyumba akamrukia. "Si wewe uliyetutangazia?"

Akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa chama, kofia kichwani. Kaka akamwamkia, "Shikamoo, balozi."

"Marahaba. Kafa au hajafa?"

"Hajafa."

"Sasa unamwita marehemu wa nini?"

"Nafanya mazoezi, balozi."

"Mazoezi ya kifo cha mtu?"

Fundi mmoja akadakia kutoka nyuma, "Huyu kapewa kitu amroge mzee!"

Hapo damu ilinipanda. "Kapewa kazi!" nikapiga kelele. "Katumwa! Muulizeni aliyemtuma!"

Wakamuuliza kweli. Balozi akapeleka habari tawini, tawi likaipeleka mjini, ikamfikia mkuu wetu. Na mkuu wetu, yule yule wa neno likae na jina, akawajibu wageni wa chama mbele yetu, "Hapa hatuna kipindi cha mtu aliye hai. Huyu bwana sijui alikuwa anafanya nini."

Nikasema, "Mkuu, si wewe uliyemwambia akafanye mazoezi?"

"Kijana, kazi yako ni wembe. Shika wembe."

Kaka akakanyaga mguu wangu chini ya meza ninyamaze. Mpaka leo mguu unaniuma, na siyo kwa kukanyagwa. Wakamtoa kwenye maikrofoni, wakampeleka stoo ya mikanda kupangusa vumbi. Mtu ambaye nchi nzima ilikuwa inaamka na sauti yake! Na hakulalamika. Alikuwaga anarudi nyumbani na vumbi kwenye nyusi, anaoga, anauliza kama kuna chai. Majirani wakimkwepa kisimani yeye anawasalimia. Mie nilikuwa nataka avunje kitu, hata sahani.

Baadaye mzee akafa. Kwa uzee wake, kitandani kwake, wanawe wamemzunguka. Na mkuu wetu akaja kwangu anahema: "Akiba iko wapi?" Nikamtazama. Nilikuwa na maneno mengi ya kumpa, lakini mzee wa watu amelala, na sauti iliyokuwa mkandani ni ya kaka, pamoja na lile neno alilolirekodi upya kabla ya kupelekwa stoo. Nikakata, nikabandika. Neno likakaa.

Keko yote ililia. Mama mwenye nyumba akamletea kaka chai chumbani, akasimama mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, umetuliza." Alimaanisha umetufanya tulie au umepoza mioyo, sijui. Balozi naye akapita akasema kipindi kilikuwa kizuri. Kizuri! Pongezi zikamiminika kwa mkuu wetu, akazipokea zote.

Nikajua sasa kaka anarudi kwenye maikrofoni. Na kweli, mkuu akaniita: "Mwambie ndugu yako aje studio." Nikashuka stoo mbio nusura nianguke. Kaka akapangusa nyusi, akavaa shati lake jeupe, tukapanda pamoja.

Mkuu akamkabidhi karatasi. Kaka akasoma ya kwanza. Ilikuwa akiba nyingine. Ya mzee mwingine wa chama, ambaye majuzi tu nilimwona kwa macho yangu jukwaani akicheza ngoma na vijana.

"Na taarifa ya habari?" kaka akauliza.

"Taarifa ya habari bado, watu hawajasahau," mkuu akasema. "Lakini kwa kazi hii hakuna kama wewe. Rekodi kesho, halafu utaendelea kule stoo."

Njia nzima nilimwambia achane karatasi zile. Nilimwambia wamtafute mwingine wa kumkana. Akanijibu, "Wakimpa asiyejua hata kutamka kijiji alikozaliwa mzee yule, watoto wake watasikia nini siku hiyo?" Nikatangulia mbele kwa hasira, sikukubali.

Sasa hivi yuko chumbani kwake, kafunga mlango, anasoma kimoyomoyo hata mdomo hauchezi. Wewe uliyekuwa unamnyooshea kidole, ungekuwa yeye, kesho ungeenda kusoma?