Mama na Mzee wa Mtumbwi wa Nyuma

Mama yangu alikuja Germantown, Marekani, kunisaidia kulea mtoto, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameshaichoka nyumba yetu. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikaa dirishani, kanga mabegani, akitazama magari yakitoka asubuhi na kurudi jioni, na nikirudi kutoka kazini ananiambia kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, "Leo tena hakuna aliyepita kwa miguu."

Kazi yangu ilikuwa Arlington, mbali kiasi kwamba wakati wa baridi niliondoka gizani na kurudi gizani, treni ya juu kwanza halafu ya chini ya ardhi. Baba wa mtoto alikuwa amerudi zake Dodoma. Tulishaachana bila kelele, na sina la kuongeza hapo. Kituo cha kulelea watoto cha pale kwetu kilikuwa kikifungwa jioni kabla treni yangu haijafika. Bila mama, nisingeweza kuwa na mtoto na kazi kwa pamoja. Yeye alilijua hilo kuliko mimi, ndiyo maana siku moja, akichambua maharage jikoni, alisema muda wake wa viza ukiisha mwishoni mwa Agosti ataondoka na mtoto.

"Kule kuna mama zake wadogo, kuna binamu zake, kuna uwanja wa kuchezea," alisema. "Hapa ana mimi na televisheni. Mimi nikiondoka anabaki na televisheni."

"Mama, nita-arrange kitu. Nitapata mtu."

"Mtu gani? Unamjua nani hapa?"

Nikapandisha. Hasira zangu ziko karibu, huwa hazisubiri kuitwa. Nilifoka, nikabamiza mlango wa kabati, mtoto akalia, na mama akaendelea na maharage yake. Watanzania niliowajua walikuwa Riverdale Park na huko upande wa pili wa mji, watu wa kuonana nao kwenye misiba na harusi, na kila mmoja alikuwa na zamu zake za kazi. Jirani tuliyechangia naye ukuta sikumjua jina. Kumkatalia mama ningeweza, lakini ningemkatalia kwa hoja gani? Mtoto alikuwa hajatimiza miaka miwili, angesafiri mapajani mwa bibi yake, na kila nilipomwogesha niliwaza kwamba siku akirudi kwangu ataniamkia kama mgeni.

Siku moja nilikutana na mwalimu mmoja kwenye kituo cha treni. Treni ilikuwa imechelewa, nami nilikuwa kwenye simu ya sarafu nikimweleza mama dawa ya kikohozi ilipo, kwa ukali, kama kawaida yangu. Nilipokata simu, mwanamke mmoja Mmarekani mweusi, nywele zake za mvi amezikata fupi, akaniambia, "Samahani, dada. Sikukusudia kusikiliza. Tafadhali mfikishie mama yako salamu zangu." Kiswahili kilikuwa kimenyooka kama shati lililotoka kupigwa pasi. Alikuwa mwalimu mstaafu. Alikisoma chuoni ujanani, na tangu hapo hakuwa na wa kuzungumza naye isipokuwa kaseti zake. Tulipanda behewa moja, na kabla hatujafika Germantown nilikuwa nimeshamweleza mpaka la Agosti, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

"Mlete mama mtoni," akasema. Kumbe alikuwa mwanachama wa klabu ya mitumbwi na kayaki.

Sisi ni watu wa Dodoma. Mito tunayoijua ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Unachimba ndipo unapata maji. Nilidhani mama atacheka. Badala yake akauliza, "Huko kuna watu?" Nikasema wapo wengi. "Basi twende," akasema.

Hatukwenda mara moja. Kwanza mwalimu alinifundisha mimi, jioni za majira ya kuchipua, kwenye ziwa dogo lililo karibu na kwetu. Alinifundisha kupiga kafi, kugeuza mtumbwi, na kuanguka majini makusudi ili nijue kwamba sifi. Nilikunywa maji ya ziwa lile ya kutosha. Yalipopata joto nikawa najiona fundi, na Jumamosi moja tukaenda wote kwenye Mto Potomac, juu ya maporomoko, mahali ambapo mto ni mpana na mpole na kina chake hakifiki kifuani.

Mama alivaa gauni, kanga kiunoni, na juu yake jaketi la kuelea la rangi ya chungwa. Alitaka kumbeba mtoto mgongoni. Kiongozi wa safari akakataa kabisa: ndani ya mtumbwi hakuna mtu kufungwa kwenye kitu, wala kufungwa kwa mtu. Mama akanuna. Mwishowe mtoto, naye na kijaketi chake, akakalishwa chini katikati ya miguu ya bibi yake. Mama mbele, mimi nyuma nikiongoza. Wote wawili tulipewa makafi, maana katika klabu ile abiria hakuna. Mama alilishika lake kama mwiko wa ugali, na kusema kweli lilimtii.

Tulikwenda vizuri, mitumbwi imefuatana, mpaka mama alipogeuka kumtazama mtoto akaona kilichokuwa nyuma yetu. Kulikuwa na mzee mmoja mrefu, nywele na ndevu nyeupe, peke yake kwenye mtumbwi wa kijani. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Mbona mnamwacha mzee?" akauliza.

"Hajaachwa, mama. Piga kafi."

"Watu wazima wote hawa wamempita?"

"Ndiyo utaratibu wao. Please, mama, tutachelewa."

"Utaratibu wa kumwacha mzee nyuma." Akalilaza kafi mapajani. "Mimi simpiti mkubwa njiani bila hata salamu. Apite kwanza."

Tukasimama. Mzee alipoona tumesimama, naye akasimama, akatupungia mkono tuendelee. Mama akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, kisha akamwonyesha njia kwa kiganja: pita, baba. Mzee akadhani anasalimiwa, akainamisha kichwa chake pia, akabaki palepale. Mama akainama zaidi. Mzee naye akainama zaidi. Mimi nilikuwa napiga kafi peke yangu kwa hasira, na mtu mmoja akipiga upande mmoja mtumbwi huzunguka tu, kwa hiyo tulizunguka.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mama hakulijua. Sheria ya klabu ilikuwa kila mtumbwi uutazame ulio nyuma yake; wa nyuma ukisimama, nawe unasimama. Wa mbele yetu wakasimama. Wa mbele yao wakasimama. Ikaenda hivyo mpaka kwenye kona ya mto na kupita kona, klabu nzima imetulia katikati ya Potomac kwa sababu ya adabu ya mwanamke mmoja wa Dodoma. Nilitamani mto unimeze, ila pale haukuwa na kina cha kutosha.

Mwalimu alirudi akipiga kafi mbiombio, akidhani tumepata ajali. Nilipomweleza, alicheka mpaka akalazimika kushika ukingo wa mtumbwi wetu. Kisha akajikaza, akamgeukia mama kwa heshima zote.

"Mama, huyu mzee hakuachwa. Yeye ndiye hodari kuliko sisi sote. Hodari wetu hukaa nyuma, ili mtu akichoka au akianguka, asibaki peke yake."

Mama alimtazama mzee. Utotoni mwake alichunga mifugo ya baba yake, na katika kazi ile mifugo hutangulia, mwenye fimbo hufuata.

"Kumbe anachunga," akasema.

"Naam," mwalimu akasema. "Anachunga."

"Ungeniambia hivyo," mama akanigeukia mimi, kana kwamba hasira zote za siku ile zilikuwa zangu peke yangu. Halafu akataka kumsalimia mchungaji wetu, na kwa mama kusalimia si jambo la kupunga mkono. Mitumbwi ikasogezwa ikagusana. Kupitia kwa mwalimu alimuuliza mzee habari za nyumbani, afya yake, watoto wake na wako wapi, wajukuu, na kama mvua za mwaka ule zilimtosha. Mzee akajibu kila swali bila kupunguza, kisha naye akauliza yake. Klabu nzima ilisubiri. Hakuna aliyetazama saa, au kama yupo sikumwona. Mama aliporidhika akamshukuru kwa kutuchunga, akaokota kafi lake, tukatangulia.

Kutoka siku ile hakukosa Jumamosi. Alipika chapati na kuchemsha chai ya maziwa yenye tangawizi, akaijaza kwenye chupa, na watu wale wakaanza kuisubiri waziwazi, wakikaa mchangani kwenye kisiwa tulichozoea kupumzika. Mwalimu akawa anakuja nyumbani katikati ya wiki. Alikuja kurekebishwa Kiswahili, na mama, ambaye hakuwahi kufundisha mtu chochote isipokuwa kazi, akawa mkali kuliko mkaguzi wa shule. Mtoto alikuwa na neno moja tu la Kiingereza, "no", na alilitumia kwa bibi yake kwa kila jambo. Kwa mwalimu alilisahau.

Mwalimu alituambia mara nyingi kwamba michana yake ni mitupu na nyumba yake iko karibu, mtoto akae kwake mpaka treni yangu ifike. Nilikuwa tayari kupiga magoti kumshukuru. Mama alijibu tu, "Tutaona." Aliendelea kushona nguo za mtoto za safari, na aliniagiza nikamalize habari ya pasipoti, nami nikaimaliza.

Alasiri moja ya Agosti ikapiga mvua ya radi. Miti ilianguka juu ya reli, treni yetu ikasimama katikati ya pori na kukaa humo. Simu za mkononi wakati ule tuliziona kwa wakubwa wa ofisi tu. Nilikaa nikimwona mama kwenye nyumba isiyo na umeme, na mtoto, na Kiingereza hajui, na anayemjua ni mimi niliyekwama. Nilimkaripia kondakta ambaye hakuwa na kosa lolote. Nilipofika hatimaye, nikikimbia kutoka kituoni na viatu mkononi, nilikuta gari la mwalimu mlangoni kwetu, na nyuma yake gari la yule mzee, mtumbwi wa kijani bado umefungwa juu.

Walikuwa kwenye ngazi za nyuma. Mzee alikuwa amewasha jiko dogo la gesi la safari, mama anachemsha chai juu yake, na mtoto amelala begani kwa mwalimu, ameshakula, ameshaoga.

"Simu ililia," mama aliniambia. "Nikaogopa Kiingereza, sikupokea. Ikalia tena, sikupokea. Mara wakaja."

"Nani aliwatuma?" nikamuuliza mwalimu.

"Hakuna. Baada ya dhoruba huwa tunapigiana simu, kila mtu na anayemfuata. Ninyi hamkujibu."

Nikakaa kwenye ngazi nikalia, mbele ya mzee wa watu, na sikuona haya. Sijawahi kuwashukuru watu wale kama inavyostahili. Nilisema asante, nikapewa kikombe cha chai. Miaka mingi imepita, na bado nikiisikia mvua ya radi nawashukuru kimoyomoyo, mmoja mmoja, kwa sura zao.

Mama alirudi kwenye kushona nguo za safari. Siku ya safari ilipofika sanduku la mtoto lilikuwa limefungwa kando ya la kwake. Usiku kucha sikulala. Nilikaa kitandani kwa mtoto nikishika mguu wake. Mwalimu alituendesha mpaka uwanja wa ndege, mama akimsimulia mtoto juu ya mbuzi atakaowaona. Masanduku yote mawili yalipimwa, yakabandikwa karatasi, yakaondoka kwenye mkanda. Enzi zile msindikizaji aliruhusiwa kufika mpaka kwenye mlango wa ndege, tukaenda wote.

Walipoitwa wenye watoto wadogo watangulie, mama akasimama, mtoto kiunoni. Nikasogea kumuaga. Nilikuwa nimejiapiza nisilie, nilie garini. Mama akapiga hatua moja kuelekea mlangoni, akasita, akamtazama mwalimu aliyekuwa amesimama nyuma yangu kidogo na mkoba wangu mkononi. Kisha akarudi. Nikanyoosha mikono. Akanipita. Akamtoa mtoto kiunoni, akamweka mikononi mwa mwalimu.

"Mjukuu wetu huyo," akamwambia. "Na huyu mwanangu ana hasira. Mvumilie."

Akanishika shavu, akageuka, akaingia ndani ya ndege bila kutazama nyuma. Nguo zote za mtoto zilikuwa zimeshaondoka na sanduku, na usiku ule alilala amevaa fulana yangu.