Programu Iliyoitika Jina Lake

Likizo ile ya kidato cha tatu niliimalizia Ibadakuli, Shinyanga, kwa mama mdogo, karani wa ofisi ya pamba. Alinipeleka kazini kwake kwa sababu mimi si msemaji, singemsumbua mtu. Pale palikuwa na kompyuta moja, imefunikwa kitambaa cha kudarizi kama kochi la sebuleni. Nilikisoma kijitabu chake siku tatu, nikaandika programu.

Ilikuwa fupi tu. Inachapa orodha ya wakulima, na juu ya kila karatasi inataja jina la programu yenyewe, ili mkuu wa ofisi ajue imetoka kituo gani. Niliandika SHINYANGA humo ndani. Kisha ikanakiliwa kwenye diski mbili, nakala moja ikaitwa KAHAMA, nyingine GEITA, zikaondoka na lori. Karatasi ziliporudi, zote zilisema SHINYANGA.

Mkuu alizitandaza mezani. "Wakulima wa Geita wamehamia lini huku? Wamekuja na mashamba yao?"

Makarani wakacheka. Akamgeukia mama mdogo. "Lori linaondoka tena Jumatatu. Zikirudi hivi, binti yako asiiguse tena mashine."

Nilitazama viatu vyangu. Kusema kweli nilitaka kulia, na si kwa kuchekwa. Niliipenda ile mashine.

"Si uandike tatu," mama mdogo akaniambia njiani, "kila moja na jina lake?"

Nikawaza: Wakifungua kituo cha nne je, niandike tena?

Nyumbani bibi alikuwa akimenya karanga. Huniita jina la marehemu dada yake, alilonipa nilipozaliwa. Akaniita, nikaitika. Mama mdogo akaniita kwa jina la shule, nikaitika vilevile, nikiwa bado na karanga mkononi. Nikasimama pale kama mjinga. Mimi sijaandikwa jina popote mwilini. Naitika nilivyoitwa.

"Mayu, mama yangu, umeona nyoka?" bibi akauliza.

Jumamosi nilirudi kwenye kijitabu. Neno la kwanza ambalo mtu analiandika kuiamuru mashine, yaani jina la programu anayoiita, halipotei, linawekwa nafasi ya sifuri, mbele ya mengine yote. Nilifuta SHINYANGA, nikaiambia programu isome hapo. Niliibadilisha jina mara tano, mara ya mwisho nikaipa lile analoniita bibi. Iliitika yote.

Jumatatu diski mpya ziliondoka na lori, na karatasi za Kahama zilirudi sawa. Za Geita ziliandikwa juu "a:geita", kwa herufi ndogo.

"Hii a ni ya nini?" mkuu akauliza.

Mama mdogo hakujua. Ikabidi niseme mimi, mbele ya makarani wote.

"Ni herufi ya diski, mzee. Karani wa kule ndivyo alivyoiita. Yenyewe inajibu ilivyoitwa."

"Hata ukiipeleka Nyarugusu?"

"Hata Nyarugusu. Sitagusa kitu ndani."

Akaipitisha karatasi kwa makarani, mmoja mmoja. Kisha akanivutia kiti cha mbele ya mashine. Mama mdogo alikiondoa kile kitambaa mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiweka kwenye kiti chake, akakikalia.