Makopo Yaliyopangwa kwa Herufi

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali ambalo ukilisikia huenda utacheka. Kipi kinamuumiza mtu zaidi: watu wajue kwamba hajui kusoma, au waendelee kuamini kwamba amerukwa na akili? Akina mama wa jumuiya walikuwa wanakuja Jumamosi nyumbani kwa shangazi, Makanyagio, hapa Mpanda mjini, kumwombea bibi. Hakuwa na homa wala mguu uliovunjika. Walikuwa wanakuja kuiombea akili yake. Na mimi, niliyemaliza chuo na bado natafuta kazi nikiwa nakula ugali wa shangazi, nilijua kwamba akili ya bibi haina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa imebandikwa kwenye makopo ya jikoni.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, maana hasira hii mizizi yake iko Katumba, kijijini.

Nimelelewa na bibi huko. Msimu wa tumbaku wazazi wangu walikuwa wanahamia shambani, nami nabaki naye kwenye nyumba ya matofali ya udongo, yenye jiko la nje na stoo nyuma yake. Stoo ile haikuwa na dirisha. Bibi alisema mwanga unaharibu mbegu na kuwaita panya, kwa hiyo alipojenga aliacha mlango tu, na mlango wenyewe ulikuwa mfupi kiasi kwamba hata mimi niliinama. Ndani ilikuwa giza tupu na harufu ya majivu, karanga na mawese. Vibuyu, madebe na madumu yaliyokatwa shingo vilijaa hadi ukutani, na kila kimoja kilikuwa na kitu kimefungwa: kitambaa, kamba, gunzi la hindi.

Ndivyo alivyojua kilichomo. Maharage ya mbegu, aliyoyachanganya na majivu yasiliwe na wadudu, yalifungwa kwa utepe wa bitana ya koti la babu. Bitana ile ilikuwa laini, inateleza kidoleni. Maharage ya kula yalikuwa na kipande cha kitenge cha mama. Chumvi ilikuwa na kamba ya mkonge yenye mafundo. Magadi yalikuwa na gunzi, tena gunzi kavu linalokwaruza, ili mkono ushtuke kabla hujachota. Nilipotumwa stoo nilizoea kusimama mlangoni nikisubiri macho yazoee giza, na bibi akiwa huko jikoni anajua kabisa ninachofanya.

"Usiangalie, mwana wanje," alikuwa akiniambia, kwa Kirundi chake cha kuniita mwanangu. "Shika."

Nilishika. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa naingia mle nimefumba macho kwa makusudi, natoka na karanga nilizoagizwa na nyingine mdomoni. Jioni tulikula ugali wa muhogo na isombe, kisamvu kilichopikwa kwa mawese hadi kinang'aa, na bibi akiwa anasimulia utepe mmoja mmoja ulikotoka. Huu wa koti alilovaa babu yako siku tunapewa shamba. Huu wa gauni la shangazi yako akiwa anaanza shule. Kumbe shangazi naye alikuwa amefungwa kwenye dumu la ulezi, na tulimla kila asubuhi kwenye uji.

Miaka ilipita, nyumba ya Katumba ikaanza kuvuja na magoti ya bibi yakaanza kulalamika. Shangazi akaja na gari la kukodi akamchukua. Sisemi alikosea. Alimpa chumba kizuri, godoro jipya, dawa za magoti. Bibi alikuja na vitu vichache, na kati ya hivyo madebe yake na vitambaa vyake. Shangazi aliyaangalia madebe yale kama mtu aliyeletewa mbuzi sebuleni. Jikoni kwake ni vigae vyeupe, na wakati huo alikuwa amenogewa na video za watu wanaopanga majiko: makopo ya plastiki yanayoonyesha ndani, yote saizi moja, yote yana maandishi.

Akaniita. "Wewe si msomi? Nitafutie kile kimashine cha kuchapa lebo. Cha kushika mkononi."

Unanijua jinsi nilivyo. Kitu cha kuchagua kwa dakika tano nilikihangaikia siku nyingi. Kuna kinachotumia simu na kuna chenye vitufe vyake. Cha simu kinapendeza, lakini simu ikizima umekwama, na shangazi hubadilisha simu kama viatu. Kuna kinachochapa kwa joto bila wino, ambacho bei ni ndogo lakini karatasi yake ikikaa karibu na jiko inakuwa nyeusi, herufi zinapotea. Kuna chenye utepe wa plastiki unaostahimili mvuke na mafuta, ila utepe wake Mpanda haupatikani ovyo, unauagiza kutoka Dar na kuusubiri kwenye basi. Nikawaza upana wa utepe, betri, kama kina herufi kubwa, kama gundi yake itang'oka. Mwishowe nikachagua chenye vitufe na utepe wa plastiki, upana wa kusomeka ukiwa umesimama mlangoni.

Na niliuliza. Nataka ulijue hili. Nilimwambia shangazi, sawa, lakini bibi hajui kusoma, yeye atafanyaje?

"Atazoea," alisema. "Mbona simu anapokea?"

Kimashine kilipofika tulifanya kazi siku nzima. Nilimfundisha kufuta kopo kwa spiriti kwanza, maana lebo haishiki penye mafuta. Kiliunguruma kidogo kama nyuki ndani ya chupa, kikatoa ulimi mweupe: CHUMVI. SUKARI. MAGADI. MCHELE. DAGAA. Shangazi alifurahi kama mtoto. Jioni nikatoka nje kumwaga uchafu, nikakuta moshi kwenye shimo la taka. Alikuwa amechoma vitambaa. Utepe wa koti la babu ulikuwa unajikunja kwenye moto, na gauni lake mwenyewe la shule, lile la kwenye ulezi, lilikuwa limeshakwisha. Nilimuuliza kwa nini. Akasema yalikuwa matambara yananuka mawese, nyie watu wa kijijini mnapenda kuhifadhi takataka. Nyie. Kana kwamba yeye alizaliwa kwenye vigae.

Bibi alifanya alichokuwa anafanya siku zote, alijipanga upya. Ndani ya siku chache alikuwa ameshika kichwani kila kopo lilipokaa: chumvi ya tatu kutoka dirishani, magadi pembeni kabisa karibu na ukuta. Nilimwona akinyoosha mkono bila kugeuza kichwa, kama zamani. Alipika. Alikuwa anaamka kabla yetu anapika uji, na nyumba ile ya vigae ikaanza kunuka kama nyumba.

Halafu siku moja kabla ya jumuiya kusali kwetu, shangazi akanunua makopo mengine, akakuta hayatoshi kwenye mstari, akaamua kuyapanga yote kwa herufi. Alifanya hivyo bibi akiwa amelala. Hakumwambia mtu. Kesho yake wageni wakiwa wameshaingia sebuleni, shangazi anasimama mlangoni mwa jikoni anasema mama fanya haraka, watu wana njaa, bibi akanyoosha mkono kwenye kopo la tatu kutoka dirishani, akachota, akamimina kwenye maharage na kukoroga. Hakuonja. Nani angemwacha aonje?

Maharage yalikuwa meusi yanateleza, yana ladha ya sabuni. Mama mmoja alikohoa. Mwingine alisukuma sahani taratibu kwa kidole. Bibi alitoka jikoni akajaribu kidogo, na nikauona uso wake ukijua hapo hapo ni magadi, lakini ukishindwa kuelewa yamefikaje pale. Ndipo shangazi akasema, kwa sauti ya upole kabisa, ile sauti ambayo mpaka leo sijaisahau:

"Msimlaumu jamani. Mama siku hizi akili inaenda inarudi."

Wakamwitikia kwa kuguna. Wanawake wazima, waliokuja Mpanda kutoka Burundi kwa miguu, watoto mgongoni, wakamtazama bibi yangu kama ndoo iliyotoboka. Tangu siku hiyo jiko likafungwa kwake. Akapewa kiti barazani. Mwanzoni alikataa, baadaye akaacha kukataa, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote: alianza kuamini. Alikuwa ananiuliza jambo, halafu anaomba radhi eti pengine ameshaniuliza. Hajawahi kuniuliza mara mbili.

Nilimweleza shangazi kilichotokea kwenye makopo. Akasema huenda, lakini hata hivyo mama amezeeka, na maombi hayamdhuru mtu. Ningefanya nini? Karo yangu alilipa yeye. Nauli za kwenda kwenye usaili analipa yeye. Na nikisimama mbele ya wale akina mama nikasema bibi hajui kusoma, je, sitakuwa nimemvua nguo mwenyewe? Niligeuza jambo hilo upande huu na upande ule mpaka likachakaa. Nikafikiria kuandika ujumbe kwenye kundi la jumuiya. Nikafikiria kuyarudisha makopo kimya kimya. Nikafikiria kusafiri siku hiyo.

Ijumaa jioni nilimkuta bibi barazani anachambua mbegu za maharage kwenye ungo, zile chache alizookoa kutoka Katumba. Nikakaa naye, tukachambua. Nikamuuliza moja kwa moja, nikiwa natazama ungo, kama ataona aibu nikiwaambia watu kwamba herufi hazijui.

Alicheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Kusoma sikusoma, hilo hata mbuzi wa Katumba wanalijua," alisema. "Ukichaa ndio siutaki."

Kwa hiyo siri niliyokuwa nailinda kwa kukosa usingizi haikuwa siri hata kidogo. Ilikuwa aibu yangu na ya shangazi, sisi tuliosoma. Yeye hakuwa nayo.

Nikikumbuka stoo ile sasa, najua haitarudi. Nyumba imeanguka, wenye shamba ni wengine, na hata ningefunga vitambaa vipya kwenye kila kopo la Makanyagio, koti la babu limekwisha kwenye shimo la taka na hakuna duka linaloliuza. Nyumba nzima ya watu wetu ilikuwa imefungwa kwenye shingo za madebe, kila mtu kipande chake, na ilichomwa kwa kiberiti kimoja ili jiko lipendeze kwenye picha. Sijasamehe. Pengine nitasamehe nikipata kazi, au nikizeeka. Kwa sasa bado.

Jumamosi walikuja. Walimkalisha bibi katikati, kwenye mkeka. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mnene mwenye sauti nzito, akafungua kitabu. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu ambayo yote yaliniponyoka. Nikasema tu kwamba bibi hajui kusoma, kwamba alikuwa ameshika kichwani kila kopo lilipo, na kwamba siku moja kabla ya wao kuja kula makopo yalipangwa kwa herufi bila yeye kuambiwa. Nikasema mgonjwa hayupo hapa. Nikaenda jikoni nikaleta kopo la chumvi na la magadi, nikaligeuza kila moja lebo iangalie kwangu, nikamuuliza mwenyekiti lipi ni lipi.

Alitazama. Akatazama tena; mote mlikuwa na chengachenga nyeupe zilezile. Kisha akafunga kitabu.

Shangazi alisema kwa sauti ya chini, umeniaibisha mbele za watu. Nikamwambia ndiyo, shangazi, najua. Sikuomba radhi, na kwangu mimi, ninayeomba radhi hata kwa konda, hilo si dogo.

Mwenyekiti akamgeukia bibi. Akamwita mama, kwa heshima, akamuuliza kwa kuwa wameshafika na wameshakaa, basi leo wamwombee nini.

Bibi akanyoosha miguu yake kwenye mkeka, akafikiri.

"Ombeeni mvua," alisema. "Nina mbegu."

Wakainamisha vichwa, shangazi naye. Mimi niliyaacha macho wazi, nikiwa nimeshika kopo kila mkono.