Mikono ya Babu Nyuma ya Mgongo

Babu yangu hakuwahi kumbeba mtoto mchanga. Hakumbeba baba yangu, wala shangazi zangu, wala mimi. Kwenye ukuta wa sebule yake hapa Kitale kuna picha ya siku alizotafuta udiwani kwa mara ya tatu, upande wa Bumula, kabla hajahamia huku. Mama mmoja anamnyooshea mtoto, kama wanasiasa wote wanavyofanyiwa. Yeye amesimama wima, mikono nyuma, kama askari aliyeamriwa mguu pande. Mara hiyo alishindwa. Wapinzani walizunguka wakiuliza, ati mtu asiyeweza kubeba mtoto wenu atabeba vipi shida zenu.

Sisi tulidhani ni jeshi. Alikuwa askari mpakani kaskazini miaka ya mwanzo ya uhuru, na kila tabia yake ngumu tuliielezea hivyo: kutandika kitanda mwenyewe, kunywa chai akiwa amesimama, kutobeba watoto.

Mimi sikuridhika. Nimekuwa mtu wa kuuliza tangu utotoni. Mwalimu wa shule ya Jumapili aliwahi kunirudisha nyumbani kwa sababu nilitaka kujua Kaini alimpata wapi mke. Babu ndiye aliyenikalisha kitini, akawaambia wazazi wangu, "Mwacheni aulize. Mimi nimeulizwa maswali na Bumula nzima, na sijafa." Nilipofika chuo kikuu na kusoma historia, nilikuwa nimefundishwa kazi hiyo tayari, katika sebule yake. Namshukuru kwa hilo kuliko ninavyomshukuru mhadhiri yeyote.

Mwaka jana nikajifungua msichana. Babu alikuwa amezeeka, kifua kinamsumbua kila mvua inaponyesha, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: mwanangu abebwe naye angali hai. Nikamletea mtoto alipokuwa ameketi. Akainuka, akarudi nyuma hatua moja, mikono mgongoni.

"Kwa nini, babu?"

"Uliza lingine."

Hilo ndilo swali pekee alilokataa kunijibu.

Nyanya ndiye aliyelijibu, akichambua kunde jikoni. Kwetu, mtu aliyeua vitani haruhusiwi kugusa mtoto mchanga mpaka asafishwe, la sivyo mtoto anaweza kudhoofika. Babu aliporudi kutoka mpakani, mjomba wake aliyepaswa kumsafisha alikuwa ameshazikwa, na kanisa alilojiunga nalo lilisema hayo ni mambo ya giza.

"Kwa hiyo aliamini au hakuamini?" nikauliza.

"Kanisani alisema ameacha mila. Lakini kwa watoto wake hakutaka kujaribu."

"Na ile kura aliyokosa?"

"Heri kukosa kura," akasema, na kunisogezea sinia nimsaidie.

Sikuamini kwamba mikono ya mzee inaweza kumdhuru mtoto. Bado siamini. Lakini nilikaa pale nikihesabu watoto wote wa nyumba ile, wote wazima, na mtu mmoja aliyesimama hatua moja nyuma ya kila mmoja wao.

Nilimwendea nikamwambia najua, nikamuuliza kama angekubali kusafishwa sasa. Aliitazama ile picha ya ukutani. Kisha akauliza, "Yule binamu yangu wa posho mill, bado anaishi?"

Nililichukulia swali hilo kuwa ndiyo.

Binamu yake alikuwa mzee mwenye masikio yaliyoharibiwa na mashine ya kusaga, na ndiye pekee wa ukoo aliyebaki akijua kazi hiyo. Nilimfuata Bumula, tukakubaliana siku, nami nikaahidi kutafuta mnyama. Asubuhi aliposhuka kwenye bodaboda na kuona nilichokifunga uani, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe msomi, hii ni mbuzi."

"Si ulisema mnyama wa kuchinja?"

"Nilisema kondoo. Mbuzi akichinjwa anapiga kelele, anaitangazia dunia. Kondoo ananyamaza. Hili jambo litoke kimya, bana, halitaki mkutano wa kampeni."

"Huyo hata mahindi hatofautishi na mtama," babu akasema kutoka mlangoni. Nilimsikia akicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Jirani alikubali kubadilishana. Kondoo alinyamaza kweli alipochinjwa. Binamu alichukua majani yaliyokuwa bado tumboni mwa kondoo, akampaka babu kifuani, kisha mikononi, polepole, kila kidole, akisema naye kwa lugha yao. Babu alijibu maneno machache. Nilikuwa na daftari mfukoni. Nililiacha huko.

Babu alipokwisha kuoga, aliketi kochini na kunyoosha mikono mbele. Nikamwekea mtoto. Alimshika kwa viwiko vilivyokakamaa, mbali na kifua.

"Hiyo si bunduki, mzee," nyanya akamwambia. "Shika shingo. Mlete karibu."

Akamleta karibu. Chai yake ilipoa juu ya meza. Nilipotaka kumpokea mtoto anyonye, alisema, "Ngoja kidogo." Baba yangu, mwenye mvi tayari, alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Aliingia, akapita viti viwili vitupu, akaketi kochini kando ya baba yake, bega kwa bega, na babu hakusogea.